Jinsi jiji linavyogawa pesa za HUD: mwongozo kwa viongozi wa vyama vya jamii zetu Marekani

Ukikaa na viongozi wa vyama vya Wakongo, Warundi, Wakenya au Watanzania pale Columbus, Lexington, Des Moines au Portland ya Maine, hukosi kusikia lalamiko hili: jiji linatoa pesa, sisi tunapata habari zikiwa zimeshagawiwa. Lalamiko lina ukweli ndani yake, ila mara nyingi tunatazama pasipopaswa. Tunangoja tangazo la kuomba ruzuku, ilhali maamuzi makubwa yameshapita miezi kadhaa nyuma, kwenye waraka ambao karibu hakuna aliyeusoma. Mwongozo huu unafuata pesa hatua kwa hatua, kutoka Washington hadi akaunti ya chama, ili ujue pa kuingilia na wakati wake.

Hatua ya 1: Jua ni pesa ipi

Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, ambayo kila mtu huiita HUD, hupeleka mijini mafungu manne makuu. CDBG (Community Development Block Grant) ndilo pana kuliko yote: linaweza kutengeneza barabara ya mtaa, kukarabati nyumba za wazee, kujenga kituo cha jamii, au kulipia huduma kama mafunzo ya kazi na malezi ya watoto. HOME ni la nyumba tu. ESG ni la watu wasio na makazi au walio karibu kuyapoteza. HOPWA ni la makazi ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na familia zao.

Chama kinachoanza kitazame CDBG. Fungu hili lilitokana na sheria ambayo Rais Gerald Ford aliitia saini Agosti 1974. Kabla ya hapo miji ilikuwa ikibisha hodi Washington kwa kila mradi. Sheria ile ikaunganisha programu kadhaa kuwa fungu moja, ikauachia mji wenyewe uchague pa kulitumia, ndani ya masharti. Kwa hiyo hakuna mtu Washington atakayekaa kuchagua chama chako. Wenye kuchagua ni meya na baraza la jiji lako, kwa ushauri wa maofisa ambao unaweza kuwapigia simu kesho asubuhi.

Miji yenye wakazi 50,000 na zaidi, miji iliyo kitovu cha maeneo ya metropolitani (jiji pamoja na vitongoji vyake), na kaunti za mijini zenye watu 200,000 na zaidi hupata CDBG moja kwa moja. Hao wanagawana asilimia 70. Asilimia 30 hupitia majimbo kwa ajili ya miji midogo. Ukiishi kwenye mji mdogo wenye kiwanda cha nyama, basi mlango wako uko kwenye ofisi ya jimbo, na ni halmashauri ya mji ndiyo inayopeleka ombi huko.

Kiasi ambacho kila mji unapata hakitokani na ufasaha wa meya. Kinatoka kwenye kanuni ya hesabu inayoangalia idadi ya watu, umaskini, msongamano ndani ya nyumba, nyumba zilizojengwa kabla ya 1940, na mji kudorora ukilinganishwa na mingine. HUD hupiga hesabu kwa njia mbili na mji huchukua ile inayouletea zaidi. Takwimu zenyewe hutoka idara ya sensa, kwa hiyo familia ya watu tisa iliyojificha karani alipogonga mlango imeupunguzia mji pesa bila kujua.

Hatua ya 2: Soma mpango, kisha nenda mkutanoni

Hapa ndipo napenda tukae kidogo, kwa sababu ndipo vyama vyetu vinapopotea.

Ili mji upate pesa hizi, lazima uandike mpango wa miaka mitatu hadi mitano unaoeleza shida za wakazi wa kipato cha chini na vipaumbele vya mji. Kisha kila mwaka huandika mpango wa mwaka mmoja wenye orodha ya miradi na kiasi cha kila mmoja. Kwenye tovuti ya jiji tafuta maneno "Consolidated Plan" na "Annual Action Plan". Usiogope kurasa 200. Soma sehemu tatu tu: jedwali la vipaumbele, jedwali la malengo, na orodha ya waliopewa mwaka uliopita. Hiyo orodha ya mwisho itakufundisha kuliko semina yoyote. Utaona jiji lako hupenda kutoa dola 15,000 kwa vyama vingi au dola 100,000 kwa mashirika machache, na utaona majina yanayojirudia kila mwaka.

Kama kipaumbele cha jiji ni makazi ya wazee na kuzuia watu wasifukuzwe kwenye nyumba, na wewe unataka kuomba pesa za timu ya mpira ya vijana, umeanza safari ukiwa nyuma. Utakuwa na kazi ya kungoja mpango mpya, au kusaidia kuuandika.

Na kuusaidia kunawezekana. Kanuni za HUD zinautaka mji ufanye angalau mikutano miwili ya hadhara kwa mwaka, na rasimu ya mpango iwekwe wazi kwa siku 30 ili watu watoe maoni. Maoni yaliyotumwa kwa barua pepe yanaambatishwa kwenye mpango unaopelekwa HUD, pamoja na maelezo ya kwa nini jiji limeyakubali au limeyakataa. Kanuni hizo pia zinautaka mji uonyeshe jinsi utakavyowahudumia wasiozungumza Kiingereza pale inapotarajiwa watakuja wengi. Basi omba mkalimani, kwa maandishi, wiki mbili au tatu kabla. Taja kwamba wengi wenu mmetoka Kivu au Katanga, maana mkalimani aliyezoea Kiswahili cha Mombasa na mama aliyetoka Uvira wanaweza kumaliza kikao kila mmoja amepata nusu ya habari.

Kwenye kipaza sauti kwa kawaida utapewa dakika mbili au tatu. Usisimame kuomba pesa za chama. Mkutano huo si wa maombi. Eleza shida kwa namna ambayo karani anaweza kuiandika. Tuseme kitu kama hiki: "Mimi ni mkazi wa mtaa fulani. Kwenye jengo letu la apatimenti wanaishi familia nyingi za Kikongo zenye watoto watano na zaidi. Apatimenti za vyumba vinne hazipatikani kwa kodi tunayoiweza, kwa hiyo familia hukodi vyumba viwili na mwenye nyumba hutishia kuwatoa kwa kuzidi idadi. Naomba nyumba za vyumba vinne na vitano ziingizwe kwenye vipaumbele vya mpango." Hapo umetaja mahali, nani, nini kinatokea na unachotaka kibadilike kwenye waraka. Mzee akianza na salamu za ukoo na historia ya vita vya Kongo vya 1996, kengele italia kabla hajafika kwenye hoja. Heshima yake haina shaka. Mwombeni awe wa pili, kijana atangulie na hoja.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya pesa iliyopo kweli

Gazeti likiandika kwamba jiji limepata dola milioni 2 za CDBG, usizione zote kama zako. Huduma za jamii haziruhusiwi kuzidi asilimia 15, yaani dola 300,000. Usimamizi na mipango vinaweza kuchukua hadi asilimia 20, yaani dola 400,000. Zilizobaki huenda kwenye nyumba, barabara, mabomba, majengo. Kwa hiyo madarasa, ushauri, malezi na mafunzo yote yanagombania hizo laki tatu, na humo ndani kuna benki ya chakula, nyumba ya kinamama waliopigwa na waume, na shirika la wazee ambalo limekuwa likipata tangu wewe uko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania.

Ndiyo maana naona wakati mwingine ni busara kuomba kwenye upande wa majengo. Jiko la kituo cha jamii au njia ya viti vya magurudumu haviingii kwenye hiyo asilimia 15. Ila ujenzi una mambo yake: ukizidi dola 2,000, wafanyakazi lazima walipwe viwango vya mshahara vilivyowekwa na serikali kuu chini ya sheria ya Davis-Bacon, na makaratasi ya malipo yao yapelekwe kila wiki. Fundi jirani anayelipwa mkononi Ijumaa jioni hataweza.

Hatua ya 4: Pima wazo lako

Kila mradi wa CDBG lazima utimize mojawapo ya malengo matatu: kuwanufaisha watu wa kipato cha chini na cha kati, kuondoa uchakavu wa mitaa, au kukabili dharura. Angalau asilimia 70 ya pesa lazima iende kwenye lengo la kwanza, na vyama vyetu karibu vyote vinaangukia hapo.

Kipato cha chini na cha kati maana yake ni kaya ambayo kipato chake hakizidi asilimia 80 ya kipato cha katikati (median) cha eneo hilo, yaani kile ambacho nusu ya familia hukizidi na nusu hazikifikii. HUD hutoa jedwali kila mwaka, na kikomo hupanda kadiri kaya inavyokuwa kubwa. Familia ya watu wanane ambamo baba na mama wote wanafanya kazi ghalani inaweza kuingia bila shida, hata kama wenyewe wanajiona wana kipato kizuri kuliko jirani. Usimkatae mtu kwa kumkadiria kwa macho, jaza fomu.

Kwa huduma kama darasa au ushauri, angalau asilimia 51 ya wanaohudumiwa lazima wawe ndani ya kikomo hicho, na uwe na karatasi inayothibitisha. Kuna makundi yanayokubaliwa bila kuulizwa kipato, wakiwemo wazee, watu wasio na makazi, watu wazima wenye ulemavu mkubwa na watu wazima wasiojua kusoma na kuandika. Wakimbizi hawamo kwenye orodha hiyo. Watu wengi hudhani wamo, wanaandika "walengwa wote ni wakimbizi", na ombi linapungua alama kwa kukosa njia ya kuthibitisha kipato.

Yafuatayo huwakwamisha wengi. CDBG haitoi pesa taslimu kwa mtu. Unaweza kulipia kodi ya nyumba au umeme kwa dharura, kwa muda usiozidi miezi mitatu mfululizo, lakini hundi inakwenda kwa mwenye nyumba au kampuni ya umeme. Huduma lazima iwe mpya, au ongezeko linaloonekana juu ya ile ambayo jiji au jimbo lilikuwa likiigharimia. Kanisa na msikiti wanaruhusiwa kuomba, mradi ibada na mafundisho ya dini yatengwe na huduma hiyo kwa wakati au mahali, na anayehudumiwa asilazimishwe kushiriki. Sala ya kufungua darasa, ambayo kwetu ni adabu tu, ihamishie nje ya saa za mradi. Kuhusu hadhi ya uhamiaji ya wanaohudumiwa, muulize ofisa wa jiji akujibu kwa maandishi, maana masharti hayo hubadilika na utawala.

Hatua ya 5: Weka chama sawa

Jiji litataka kuona chama kimesajiliwa jimboni, kina namba ya kodi, na kwa kawaida kimekubaliwa na IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, kama shirika lisilo la faida chini ya kifungu cha 501(c)(3). Fomu fupi ya IRS hugharimu dola 275, ndefu dola 600. Utahitaji pia namba ya UEI, yaani ya kulitambulisha shirika kwa serikali kuu, kutoka tovuti ya SAM.gov. Hiyo ni bure. Akija mtu na barua yenye nembo inayofanana na ya serikali akidai dola mia kadhaa ili "akusajili", mtupe nje.

Jambo gumu zaidi ni mfuko wa chama. Vyama vyetu vimejengwa juu ya michango: msiba ukitokea, mweka hazina anatoa, watu wanarudishia baadaye. Huo ni utu, na pesa za serikali haziwezi kukaa ndani yake hata siku moja. Fungua akaunti ya pili kwa ajili ya ruzuku, yenye watia saini wawili wasio wa nyumba moja. Andika kanuni ya mgongano wa maslahi na muifuate: mwenyekiti hawezi kumwajiri mkewe kwa pesa hizi, wala mjumbe wa bodi kumpa shemeji yake kandarasi ya basi, hata kama shemeji ndiye mwenye bei nafuu.

Kama bado hamjafika huko, msidanganye kwenye fomu. Ingieni chini ya mwavuli wa shirika kubwa linaloaminika na jiji, wao wabebe hesabu na ripoti, nyinyi mtoe huduma. Muandikiane mkataba unaosema asilimia wanayochukua wao na nani anawalipa wafanyakazi.

Hatua ya 6: Andika ombi

Tuchukue mfano wa kubuni. Chama kinataka dola 30,000 kuwafundisha kinamama 25 kupata leseni ya malezi ya watoto nyumbani. Ombi dhaifu linasema: tutawainua kinamama wa jamii yetu. Ombi lenye nguvu linasema: tutawaandikisha 25, ishirini watamaliza saa za mafunzo ambazo jimbo linadai, kumi watapeleka maombi ya leseni ifikapo Mei, mwalimu analipwa dola 28 kwa saa kwa saa 400, mkalimani dola 25 kwa saa 200, ukumbi, vitabu, bima. Kila kiasi kionyeshe hesabu iliyokizaa. Taja ukurasa wa mpango wa jiji ambamo malezi ya watoto au ajira vimewekwa kipaumbele. Ambatisha barua ya shirika litakalowapokea wahitimu.

Hudhuria kikao cha maelezo ambacho jiji hufanya kabla ya mwisho wa kupokea maombi. Miji mingine haipokei ombi la asiyehudhuria. Na peleka siku mbili kabla. Mfumo wa mtandaoni ukifunga saa kumi na moja jioni, umefunga.

Hatua ya 7: Fuata kalenda ya kamati

Mwaka wa programu huanza tarehe tofauti kila mji. Kwa miji mingi inayoanza Julai 1, mkutano wa mahitaji hufanyika majira ya kupukutika majani, maombi hupokelewa kipindi cha baridi, kamati ya wananchi hutoa alama kwenye Februari au Machi, rasimu hutoka kuelekea Aprili, na baraza hupiga kura kabla mpango haujapelekwa HUD. Uliza kama kamati hiyo ina nafasi wazi. Viti hivyo hukaa vitupu muda mrefu kuliko mtu anavyodhani, na mjumbe hujitoa tu pale ombi la chama chake linapojadiliwa.

Jiandae kwa kuchelewa. Bunge likichelewesha bajeti, HUD huchelewa kutangaza viwango, na jiji haliwezi kukamilisha mpango. Isitoshe, Mei 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza kufuta CDBG na HOME kabisa, kama ilivyokuwa imependekeza kuifuta CDBG mara kadhaa kuanzia 2017, na miaka ile Bunge likaendelea kutoa pesa. Msijenge chama chote juu ya mguu huu mmoja.

Hatua ya 8: Usitumie senti kabla ya kuruhusiwa

Baraza kupiga kura si ruhusa ya kuanza. Jiji lazima limalize tathmini ya mazingira na kusaini mkataba nanyi. Mkinunua au mkikarabati jengo kabla ya hapo, mnaweza kuupoteza mradi mzima.

Kisha mjue kwamba pesa hizi kwa kawaida hurudishwa baada ya kutumika. Mnalipa nyinyi kwanza, mnapeleka vielelezo, jiji linakagua, hundi inakuja baada ya wiki kadhaa. Chama kisicho na akiba ya miezi miwili au mitatu kitakopa au kitasimama.

Hebu tuangalie kifurushi kimoja cha madai. Mwalimu amefanya saa 32 mwezi Oktoba. Kinachotakiwa ni karatasi ya saa inayoonyesha kila siku na kazi aliyofanya, saini yake, saini ya msimamizi, hati ya mshahara yenye makato ya kodi, na ushahidi wa benki kwamba pesa ilitoka. Siku zilizoandikwa zilingane na daftari la mahudhurio. Ikiwa daftari linaonyesha darasa liliahirishwa Oktoba 14 na karatasi ya saa ina saa nne siku hiyo, kifurushi chote kinarudi. Vivyo hivyo kwa ukumbi: ankara peke yake haitoshi, ankara na hundi iliyopita benki ndiyo inayotosha. Peleka madai kila mwezi, usikusanye. Jiji nalo lina presha yake, kwa kuwa siku 60 kabla ya mwaka wa programu kuisha halitakiwi kuwa na pesa za CDBG ambazo hazijatumika zinazozidi mara moja na nusu ya ruzuku yake ya mwaka, na ofisa hupendelea chama kinachotumia kwa wakati.

Kuhusu nyumba zenyewe

HOME ilianzishwa na sheria ya 1990, na miji huitumia kwa njia tatu hasa: mikopo kwa wajenzi wa nyumba za kupanga, ukarabati, na msaada kwa wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza. Angalau asilimia 15 lazima iende kwa mashirika ya nyumba ya kijamii yenye sifa maalumu, lakini mashirika hayo yanahitaji wafanyakazi wenye uzoefu wa ujenzi. Nyumba ikijengwa kwa HOME hubaki na masharti ya bei kwa miaka 5 hadi 20, kutegemea mradi. Sipendekezi chama cha msiba na arusi kianze kujenga maghorofa.

Kazi inayowafaa ni kuwafikisha watu wenu kwenye msaada wa malipo ya awali. Mara nyingi huja kama mkopo wa pili usio na riba, unaosamehewa kidogo kidogo mnunuzi akiendelea kuishi humo. Akiuza mapema, hurudisha sehemu au yote. Waislamu wengi huuliza hapo: mkopo huo wa pili hauna riba, ila ule mkubwa wa benki unayo, na hiyo ni hesabu nyingine ya kuongea na sheikh. Ushauri wa ununuzi wa nyumba ni lazima kabla ya kupewa pesa za HOME. Muulize mshauri kama kuna kikao chenye mkalimani, na wapeleke watu kumi kwa pamoja ili kikao kipatikane.

Ukikataliwa

Omba alama zako na maoni ya kamati kwa maandishi, ndani ya wiki hiyo hiyo. Omba pia nakala ya ombi moja lililoshinda. Ni nyaraka za umma katika majimbo mengi. Baada ya mwaka wa programu kuisha, jiji lina siku 90 kupeleka HUD ripoti ya utekelezaji, na kabla ya kuipeleka huwapa wananchi siku 15 za maoni. Soma ripoti hiyo uone nani alipewa akashindwa kutumia. Pesa zilizobaki hugawiwa upya, mara nyingine katikati ya mwaka, kwa tangazo dogo lisilofika kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Jiandikishe kwenye orodha ya barua pepe ya idara ya nyumba ya jiji, na mpeni mtu mmoja jukumu la kufungua barua hizo kila Jumatatu.